Ukija Melbourne, usiishie katikati ya jiji

Ikifika Novemba, simu yangu huanza kuita usiku. Tanga ni saa nane mchana, na huku kwangu Sunshine, magharibi mwa Melbourne, ni saa nne usiku, navaa viatu vya kwendea zamu. Upande wa pili yupo binamu, au rafiki wa binamu, au mtoto wa jirani yetu wa Ngamiani: "Dada, viza imetoka. Nina siku kumi. Nianzie wapi?" Huu ni mwaka wa kumi na moja nalea wazee katika jiji hili, na nimepokea wageni wa kutosha kujua wanapokosea. Aliyenifundisha zaidi ni mama yangu mzazi, alipokuja kukaa nami wiki tano mwaka 2023. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayomwambia kila anayepiga.

Wageni wengi hupanga hivi: wanachukua hoteli katikati ya jiji, wanapiga picha kwenye kuta zilizochorwa za Hosier Lane na chini ya saa za stesheni ya Flinders Street, kisha siku moja wanapakiwa kwenye basi alfajiri kwenda kuona miamba ya Twelve Apostles na kurudishwa usiku. Wanaondoka wakisema Melbourne ni maghorofa na upepo. Huwa inaniuma. Jiji hili lina watu zaidi ya milioni tano, na zaidi ya nusu yao ama wamezaliwa nje ya Australia au wana mzazi aliyezaliwa nje. Wengi wao hawaishi kwenye maghorofa ya katikati. Wako Footscray, Sunshine, Coburg, Springvale, Dandenong, kote ambako reli inafika. Ukitaka kuwaona na kula vyakula vyao, panda treni uwafuate.

Kabla hujafunga sanduku

Viza ya matembezi ni ile ya namba 600. Maombi yanafanyika mtandaoni, ada yake ni kiasi cha dola 200 za Australia, na utaitwa kutoa alama za vidole na picha. Usingoje stika kwenye pasipoti, jibu linakuja kwa baruapepe. Chapa nakala uwe nayo, maana wahudumu wa ndege wa kwetu hupenda kuona karatasi. Omba mapema, miezi miwili au mitatu kabla, na weka ushahidi wa kazi, shamba, biashara, watoto, chochote kinachoonyesha kwamba una sababu ya kurudi nyumbani. Ukitokea Kenya, Uganda au Kongo, beba na kadi ya njano ya chanjo.

Ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu hakuna. Wengi hupitia Doha au Dubai, na kutoka huko mpaka Melbourne ni kama saa kumi na nne angani. Vaa soksi nzito, nyanyuka utembee, kunywa maji.

Sasa suala la chakula sandukuni, nalo naomba ulisome mara mbili. Australia wanaogopa mdudu na ugonjwa wa mimea kuliko wanavyoogopa kitu kingine. Kabla ya kutua utajaza fomu inayouliza kama umebeba chakula, mbegu, vitu vya mbao, ngozi, asali. Weka alama ya NDIYO. Hata kama ni pakiti moja ya ubuyu, weka NDIYO. Ukisema ndiyo na kitu kikawa hakiruhusiwi, watakichukua na mtaachana salama. Ukisema hapana wakakikuta, utalipa faini kubwa, na viza yenyewe inaweza kufutwa.

Mama aliweka ndiyo kila mahali. Tulikuwa tumeshakubaliana kwenye simu. Afisa akafungua sanduku, akatoa kimoja kimoja: mdalasini, pilipili manga, kikoi, kijaluba cha hina, kisha fundo la kitambaa cha kanga lililofungwa vizuri kabisa. Ndani mlikuwa na mbegu za mchicha. Mama alikuwa ameniletea nipande nyuma ya nyumba. Afisa akazishika kwenye kiganja, akamweleza kwa upole kwamba hizi haziwezi kuingia, akazitia kwenye mfuko wake wa plastiki. Kitambaa akakikunja, akamrudishia. Viungo vyote vilipita. Kwa hiyo viungo vikavu vya dukani, vilivyo kwenye pakiti yake, leta. Mbegu, matunda mabichi na nyama acha nyumbani. Na ukiwa na mashaka, tamka.

Nguo nitazieleza kwa namna ambayo mtu wa pwani ataielewa haraka. Sisi tumekua na kaskazi na kusi. Melbourne nako kuna pepo hizo, ila zimezidishwa mara kumi. Upepo wa kaskazini unatoka jangwani: kiangazi, yaani Desemba mpaka Februari, unaweza kuleta nyuzi 40, ukavu unaochana midomo. Upepo wa kusini unatoka upande wa barafu. Unaweza kuwa umekaa bustanini jasho linakutoka, upepo ukageuka, na kabla saa moja haijapita joto limeshuka nyuzi 15 na unatetemeka. Kwa hiyo kila siku, hata jua likiwaka vipi, toka na sweta na koti jepesi la mvua. Juni mpaka Agosti ni baridi ya kweli, asubuhi nyuzi 5 au 6. Miezi ninayowashauri wageni ni Machi, Aprili na Novemba. Na jua la huku linaunguza hata ngozi yetu nyeusi. Paka mafuta ya kukinga jua, vaa kofia.

Kutoka uwanja wa ndege, na jinsi ya kupanda tramu

Treni haifiki uwanja wa ndege. Kuna basi la SkyBus linalokupeleka stesheni ya Southern Cross katikati ya jiji kwa kama nusu saa njia ikiwa nyeupe. Kuna pia basi la kawaida, namba 901, linalokwenda stesheni ya Broadmeadows, na hapo unaunganisha treni. Hilo la pili ni rahisi zaidi kwa mfuko, ila si la mtu mwenye masanduku matatu.

Kadi ya usafiri inaitwa myki. Unainunua kwenye mashine za stesheni au maduka ya 7-Eleven, unatia hela, unaigusisha kwenye kifaa unapopanda na unaposhuka. Kwenye tramu gusa ukipanda tu, ukishuka huna haja. Ndani ya eneo la katikati ya jiji tramu ni bure kabisa, na humo usiguse kadi. Matangazo yatakwambia unapokaribia mpaka wa eneo la bure. Ukiendelea mbele hata kituo kimoja, gusa, maana wakaguzi hupanda bila kujulisha na faini yao haina mazungumzo.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui, nami nalipenda kuliko yote. Tangu 2023 nauli ya treni za mikoani imewekewa kikomo sawasawa na ya mjini. Kwa kiasi cha dola 11 kwa siku unaweza kutoka hapa ukaenda Geelong, Ballarat au Bendigo, ukarudi, na ukapanda tramu jioni, yote ndani ya kikomo hicho kimoja. Mtu mwenye siku kumi na miguu mizima anaweza kuliona jimbo letu la Victoria kwa bei ya sahani moja ya wali kila siku.

Siku mbili za kwanza ziwe za Footscray

Treni kutoka katikati ni kama robo saa. Shuka na watu, fuata mitaa ya Nicholson, Hopkins na Barkly. Wavietnam walianza kufika hapa mwishoni mwa miaka ya 1970 wakikimbia baada ya vita, na baadaye wakaja Waethiopia, Waeritrea, Wasomali, Wasudani. Duka la vitambaa vya harusi limepakana na la kuuza bata wa kuchoma, linalofuata linauza ubani na buni mbichi. Unanunua pilipili kwa mtu wa Saigon, unakunywa kahawa kwa mtu wa Addis Ababa.

Mama nilimleta hapa siku yake ya pili. Alikuwa amechoka, hajazoea saa, na asubuhi alikuwa ameniambia kwa sauti ndogo kwamba nchi hii ni safi lakini haina harufu. Tukaingia kwenye duka la mboga la bibi mmoja Mvietnam. Mama akasimama. Mbele yake kulikuwa na rundo la magimbi, makubwa, yenye manyoya na udongo bado. Akaokota moja, akalikwaruza kwa ukucha kuona rangi ya ndani, akaliweka, akachukua jingine. Yule bibi akatoka nyuma ya mizani. Kiingereza chake kidogo, cha mama hakipo. Akamwonyesha mama mikono yake miwili, akajikuna viganja kwa nguvu huku amekunja uso: yanawasha. Mama akacheka, akamwonyesha kwa vidole namna ya kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya. Bibi akatikisa kichwa, akachukua mfuko wa plastiki, akauvaa mkononi kama glovu: hivi ndivyo anavyofanya yeye. Walikaa hapo, wateja wanapita, wanafundishana kumenya magimbi, mpaka mama akalipia kilo mbili na bibi akamwongezea fungu la mchaichai bila hela. Kutoka siku hiyo mama hakulalamika tena juu ya harufu.

Kwa hiyo usiende Footscray na orodha. Nenda na njaa, asubuhi kama saa nne. Kula pho kwanza, supu ya tambi na nyama, bakuli moja linawatosha wawili wasio na haraka. Mchana ingia mgahawa wa Kiethiopia, agiza sahani ya kuchanganya, ule injera, mkate wao laini kama chapati, kwa mkono kama ulivyozoea, halafu uombe kahawa ya kuchomwa palepale. Inakuja kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono, na mtu wa Tanga aliyekunywa kahawa chungu barazani atajisikia kwao. Uliza kama nyama ni halali, sehemu nyingi ni halali na watakwambia ukweli.

Usishangae ukisikia Kiswahili kwenye treni ya kurudi. Melbourne ina Wakongo na Warundi wengi waliopitia kambi za wakimbizi za kwetu, na Wasomali waliokulia Kenya. Jukwaani pale Sunshine, mama mmoja wa Bukavu alisikia tukibishana na mdogo wangu juu ya tiketi, akageuka: "Munatoka wapi, mama?" Mpaka leo huja kwangu Idi. Redio ya taifa ya lugha nyingi, SBS, ina matangazo ya Kiswahili. Ukikaa siku kadhaa wasikilize, utajua yanayozungumzwa na watu wetu huku.

Ijumaa, na mitaa mingine ya kushuka

Ukitaka kuswali Ijumaa katikati ya jiji, kuna msikiti mtaa wa Jeffcott, West Melbourne. Lakini kama una nafasi, nenda Newport, upande wa magharibi, kwenye msikiti wa Australian Islamic Centre. Aliyeuchora ni Glenn Murcutt, msanifu majengo mashuhuri wa nchi hii. Hauna mnara wala kuba. Juu ya paa kuna visanduku vingi vya vioo vya rangi, njano, kijani, buluu na nyekundu, vimeelekezwa pande mbalimbali, na jua linavyosogea rangi iliyo juu ya zulia inabadilika. Mdogo wangu aliswali Dhuhuri chini ya njano, na tulipochelewa kuondoka, Alasiri aliiswali mahali palepale chini ya rangi nyingine. Wasio Waislamu wanakaribishwa wakija kwa adabu: jisitiri, vua viatu, omba ruhusa kabla ya picha.

Sydney Road, kuanzia Brunswick mpaka Coburg, ni ya Walebanoni na Waturuki: mikate, halua, nyama ya mkaa, nguo za harusi. Tramu namba 19 inapita humo humo. Lygon Street, Carlton, ni ya Waitaliano, na kwa kusema kweli siku hizi ni ya watalii zaidi, pita, usikae. Springvale ni Vietnam na Kambodia. Ukiweza moja tu kati ya hizo, chukua Sydney Road.

Dandenong ndiko ninakowasisitizia watu waende, nako ni mbali, karibu saa nzima kwa treni za Pakenham au Cranbourne. Soko lake lilianza 1866, wakati huo likiwa la mifugo na mazao ya wakulima. Leo linafunguliwa Jumanne, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kila aliyepata kukimbilia Australia amepata meza hapo. Utaona bamia, ndizi mbichi za kupika, mihogo, samaki wa kila namna. Kisha tembea mpaka mtaa wa Thomas, kwa Waafghani. Kuna oveni ambako mkate mrefu kama mkono wa mtu mzima unabandikwa ukutani na kutolewa baada ya muda mfupi. Ununue wa moto, uuvunje ukiwa umesimama barabarani. Mimi hununua mitano: mmoja unaisha kabla ya stesheni.

Katikati ya jiji, siku moja inatosha

Sisemi usiende. Nenda, ila ujue unachotaka. Maktaba ya Jimbo, State Library Victoria, haina kiingilio. Panda mpaka chumba cha kusomea chenye kuba, kilichofunguliwa 1913, ukae dakika kumi ukimya ukuingie. Queen Victoria Market ipo tangu 1878 na imefungwa Jumatatu na Jumatano, wageni wengi hukuta mageti yamefungwa. Jumba la sanaa la NGV nalo ni bure kwa sehemu kubwa. Kahawa ni nzuri kila kichochoro, kama dola 5 au 6 kikombe. Jumapili na sikukuu migahawa mingi huongeza asilimia 10 au 15 kwenye bili, imeandikwa kwa herufi ndogo mlangoni. Bakshishi si lazima. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako. Maduka mengi ya nguo hufungwa mapema jioni.

Jambo moja naomba usilipite. Mto unaokatiza jiji unaitwa Yarra kwenye ramani, lakini wenyewe, Wawurundjeri, wanauita Birrarung. Nchi hii ilikuwa yao na ya Wabunurong kabla ya meli ya kwanza ya Waingereza. Nenda Koorie Heritage Trust, kituo cha utamaduni wa wenyeji, pale Federation Square, mbele tu ya stesheni ya Flinders Street. Ukumbi ni mdogo na hauna kiingilio. Sisi tuliotoka nchi zilizotawaliwa tukija huku tukapiga picha za majengo ya malkia tukaondoka bila kuuliza wenyeji wako wapi, tumefanya jambo la aibu.

Kwenda mikoani

Kwanza, gari. Huku wanaendesha kushoto kama kwetu, na leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda iliyoandikwa kwa Kiingereza inakubalika kwa mgeni. Leseni ya Kifaransa, ya Kongo au Burundi, inahitaji tafsiri rasmi au leseni ya kimataifa. Lakini usiendeshe katikati ya jiji. Kuna makutano yenye tramu ambako ukitaka kukata kulia unatakiwa uende ukasimame upande wa kushoto kabisa, ungoje taa ya barabara unayoingia iwake kijani, ndipo ukate. Na tramu ikisimama na milango ikifunguka, wewe simama nyuma yake, abiria wanashukia barabarani. Barabara za kulipia hazina kibanda cha pesa, kamera inasoma namba ya gari, kwa hiyo mwulize mwenye gari la kukodi bili inakujaje. Kamera za mwendo ziko kila mahali, na simu mkononi ni faini nzito.

Ballarat haihitaji gari. Treni inapita Footscray na Sunshine, na ni safari ya kama saa moja na nusu. Dhahabu iligunduliwa Victoria 1851, watu wakamiminika kutoka Uingereza, China, Marekani, na Melbourne ikatajirika ghafla. Pale Sovereign Hill wamejenga upya mji wa wachimbaji, na kwenye kijito utapewa karai uchekeche mchanga; chembe utakayoipata ni yako. Asubuhi, Desemba 3, 1854, wachimbaji waliochoshwa na ada za leseni walipambana na askari katika mji huu, wengi wakafa. Watu wa Geita au Mererani wataelewa kisa hiki bila mkalimani.

Watu huchanganya Dandenong ya soko na milima ya Dandenong. Ni sehemu mbili, reli mbili. Kwa milimani panda treni ya Belgrave mpaka mwisho wa reli. Hapo kuna garimoshi la mvuke la Puffing Billy, la tangu 1900, linalopanda katikati ya mikaratusi mirefu ajabu. Weka tiketi mapema, watoto watafurahi. Mimi na mama hatukulipanda. Tulitembea polepole msitu wa Sherbrooke, tukasikia ndege mmoja akiiga sauti za ndege wengine mmoja baada ya mwingine. Anaitwa lyrebird. Kiangazi, angalia kwanza taarifa za hatari ya moto kwenye programu ya VicEmergency. Siku wakisema usiende msituni, usiende. Namba ya dharura nchi nzima ni 000.

Barabara ya Great Ocean Road ndiyo niliyokosea. Ina kilomita 243 za kona juu ya bahari, na ilichimbwa kati ya 1919 na 1932 na askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kwa sururu na koleo, iwe kumbukumbu ya wenzao waliokufa. Nilitaka mama aione yote kwa siku moja. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kufika Lorne ameshatapika mara mbili. Apollo Bay hakutaka kushuka. Tulifika kwenye Twelve Apostles, nguzo za chokaa zilizosimama baharini, jua limeshazama, tukaona vivuli. Kisha saa tatu na nusu za giza kurudi, mama amelala kiti cha nyuma amejifunika kanga usoni, na mimi naomba kangaruu asirukie taa. Usifanye hivyo. Lala usiku mmoja Apollo Bay au Port Campbell. Nenda kwa pwani, pole pole, rudi kwa njia ya ndani kupitia Colac, imenyooka na ni fupi. Nguzo zenyewe zione asubuhi. Bahari inazila, moja iliporomoka Julai 2005. Na ukitaka kuogelea popote pwani hii, ogelea kati ya bendera nyekundu na njano tu. Hata kama umezaliwa Pangani na unaogelea kama samaki: mikondo ya huku inavuta mtu mzima nje kabla hajapiga kelele.

Pengwini wa Phillip Island

Hii niliiweka siku ya mwisho ya mama, na kila mgeni namwambia aiweke mwisho. Ni kama kilomita 140, saa mbili kwa gari, unavuka daraja la San Remo. Kila jioni, mwaka mzima, pengwini wadogo kuliko wote duniani hutoka baharini giza likiingia na kupanda kwenye mashimo yao. Nunua tiketi kabla. Leta blanketi hata Januari. Simu na kamera haziruhusiwi wakianza kufika, mwanga huwaumiza, na binafsi nashukuru.

Tulikaa kwenye ngazi za zege, mama amevaa koti langu la kazini na kanga mbili juu yake, upepo wa kusini unapiga. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, mawimbi tu. Kisha povu moja likabaki mchangani halikurudi, nalo likawa pengwini wanane. Wakasimama wamebanana. Mmoja akapiga hatua mbili, akaona hakuna anayemfuata, akarudi. Wakaingia majini wote. Wakatoka tena, kumi na mbili sasa. Safari hii walikimbia, vifua mbele, mabawa nyuma, urefu wao chini ya goti la mtu, wakapita hatua chache kutoka miguuni kwetu. Mama alinishika mkono. "Wanarudi nyumbani kutoka kazini," akasema. "Wanaogopa kupita peke yao."

Baadaye kwenye maegesho kuna kibao kinachokuomba uangalie chini ya gari kabla ya kuondoka, kwani wengine hujificha humo. Fanya hivyo kweli, usipite tu. Mama alichukua tochi, akainama na magoti yake mabovu, akamulika tairi la kwanza, la pili, akazunguka mpaka la nne, akaenda na gari la jirani ambaye hakumjua. Aliponyooka alijifuta mchanga kwenye kanga.

"Hakuna mtu," akaniambia. "Washa, mwanangu."